Kengele Iliyokuwa Haijatajwa

6 Machi

Kaka yangu Kimya,

Nisamehe kwa kukaa muda wote huu bila kukujibu. Barua yako niliiweka juu ya kabati ili Meneja asiifikie, na mimi pia nikawa siifikii, maana kila nikinyoosha mkono kuna mtu ananivuta sketi. Leo amelala mchana, jambo la kuandikwa ukutani, basi nimepanda kiti nikaishusha.

Sisi wazima. Mpwa wako ameota meno mawili na anayajaribu kwa kila kinachopita, mimi nikiwa wa kwanza. Jina la Meneja limemganda. Anaamua nani ale, nani akae, nani asimame amtembeze, na hana muda wa kusikiliza sababu. Shemeji yako amepata kazi ya kuezeka shule, anarudi nyumbani mwisho wa wiki akiwa amebabuka pua. Mama goti linamsumbua kidogo, ulimi bado mzima. Anakusalimu. Anasema ile siku aliyoninyang'anya simu tukigombana hakukosea, na mpaka leo hajabadili neno: "Andikianeni. Karatasi haimkatizi mtu maneno." Kwa hiyo lile swali lililotugombanisha sikuulizi tena kwa simu, naliandika. Unakuja lini?

Sasa shida yangu. Unajua niko kwa yule mama wa vifaranga, tunayemwita Jogoo akiwa hayupo, kwa sababu anaamka kabla ya watu wote na anataka watu wote wajue. Vyumba vya kutotolesha ni sita, kila kimoja kina mashine ya mayai na kompyuta ndogo pembeni. Ndani ya kompyuta kuna programu mbili. Moja inapima joto. Nyingine inapiga kengele joto likishuka. Fundi aliyeziandika ameondoka kutafuta maisha, na siku ya kuondoka alinionyesha kidole akamwambia Jogoo, "Huyu si amesoma kompyuta?" Kozi ya miezi mitatu, Kaka! Tulijifunza kuandika barua na kupanga majedwali.

Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta zinajiwasha zenyewe. Programu ya joto inaamka. Ya kengele inabaki imelala kama bwana harusi. Fundi alikuwa anaiamsha kwa mkono kila mara, nasi hatukujua. Mwezi uliopita joto lilishuka chumba cha nne, kengele haikulia, mayai yote ya chumba kile yakaharibika. Jogoo ameapa: mpaka mwisho wa mwezi wa sita kengele iwe inaamka yenyewe, la sivyo wafanyakazi wote tutalala humo ndani kwa zamu. Nikamwambia nina mtoto wa kunyonya. Akasema mayai nayo ni watoto. Nikamwambia, "Basi mimi nitaitengeneza hiyo kengele." Ulimi huu, Kaka, nimeurithi wapi?

Nilichokielewa mpaka sasa ni hiki. Programu zote mbili zinafungwa kwenye kifurushi kimoja, jina lake "vifaranga", na kifurushi ndicho kinachopelekwa kwenye kompyuta zote sita. Kila programu inatakiwa kuwa na faili la huduma, yaani kikaratasi cha kuiambia kompyuta, "Ukiwaka, mwamshe na huyu." Jina la faili hilo lina kichwa na mkia. Mkia hauguswi. Kichwa ndicho kinachonitoa jasho. Fundi aliacha ukurasa mmoja wa maelekezo ya chombo cha kufungasha, yaani programu inayofunga hicho kifurushi, umechapwa. Nakunakilia neno kwa neno:

"Faili la huduma hubeba jina la kifurushi. Ikiwa huduma ni zaidi ya moja, ya kwanza haina haja ya kujieleza. Zinazofuata zibebe la kwanza na lake, na zitajwe mbele ya wote."

Mbele ya wote akina nani? Nisimame mlangoni nipige vigelegele? Na "la kwanza na lake" ni la nani na la nani? Nimeliita faili la kengele "kengele", likapuuzwa kama mgeni asiyealikwa. Nikasema basi, nifuate mstari wa kwanza, nikayaita yote mawili "vifaranga". Moja likammeza mwenzake. Kengele ikaamka bila mpima joto, na kwa kuwa haikuona joto lolote, ikalia siku nzima. Kuku wa jirani wamehama.

Aliyeandika ukurasa huu sijui nani, ila najua hajawahi kumtuma mtoto dukani. Angemtuma, angejua kwamba ukisema "lete kile" utaletewa kiberiti.

Wewe unakaa na kompyuta kutwa. Nieleze, polepole, kama unamweleza Meneja. Nitumie pia soksi zake, za sasa zimekuwa za vidole vitatu tu.

Dada yako,
Chiriku


2 Aprili

Mpendwa Chiriku,

Barua yako nimeipata. Nafurahi mko wazima. Mwambie Mama apake goti mafuta ya moto, asijifanye kijana.

Jibu ni rahisi. Faili la kwanza liite "vifaranga". La pili liite "vifaranga.kengele", yaani jina la kifurushi, nukta, kisha jina lake lenyewe. Ukishalitaja, basi, funga kifurushi kisha kipeleke. Huna haja ya kumwamsha jirani.

Huyo mwandishi usimseme sana. Huenda alikuwa na haraka. Huenda pia mistari hiyo ilipoandikwa ilionekana wazi kabisa kwa aliyeiandika. Haya mambo si mepesi kama unavyodhani.

Soksi nimetuma, na kofia. Muuzaji alisema ni ya miezi tisa. Baridi imepungua huku, tunaacha madirisha wazi jioni.

Kaka yako,
K.


21 Aprili

Kaka Kimya,

Shikamoo, na asante kwa soksi. Kofia ni ya miezi tisa ya mtoto wa tembo. Meneja akiivaa inamfika mabegani, anatambaa akigonga ukuta na kucheka. Shemeji yako ameijaribu, nayo imemkaa vizuri, basi ndiyo anayoezekea mabati sasa, na mafundi wenzake wanamwita Kichanga.

Mama amepaka mafuta. Amesema nikwambie kijana alikuwa baba yako.

Nimefanya ulivyosema. "Vifaranga", halafu "vifaranga.kengele". Nukta nimeiweka, nimeikagua, nimemwita na mpishi wa chakula cha kuku naye akaikagua. Nimefunga kifurushi. Chombo hakikulalamika hata kidogo. Nikakipeleka chumba cha kwanza, nikazima, nikawasha. Joto likaamka. Kengele, wapi!

Kinachoniudhi ni hicho cha kutolalamika. Kosa linalopiga kelele mimi nalipenda, nalifuata lilipo tunamalizana. Hili limekaa kimya, limeniangalia usoni, likaniacha nirudi nyumbani nikidhani nimefaulu. Limenikumbusha mtu fulani ninayeandikiana naye barua.

Jogoo ameshabandika ratiba ya zamu mlangoni. Anasema ni ya kujiandaa tu. Mimi ni Jumanne na Ijumaa. Nilikwenda kumwona.

"Mama, mwezi wa sita haujaisha."

"Najua tarehe, mwanangu. Nimebandika ili macho yazoee."

"Macho yangu hayazoei. Na mimi Jumanne sitakuja kulala."

"Kengele ikilia yenyewe, ratiba nitaibandua mbele yako. Isipolia, utakuja, au atakuja mwingine achukue nafasi yako."

Alisema kwa upole, ndiyo ikaniuma zaidi. Si mtu mbaya. Vifaranga vikishatotolewa anavipulizia manyoya kimoja kimoja na kuviita "mabwana". Ila mayai yakimharibikia tena hatakuwa na cha kumlipa mtu.

Basi nimeanza kumfundisha Meneja kunywa maziwa kwa kikombe, endapo zamu zitanifika. Alikitazama kikombe kama kimemtukana. Kisha akanitazama mimi kama ndiye niliyekituma kimtukane. Kisha akakimwaga, taratibu, hali tunaangaliana. Kaka, sijawahi kulala mbali na huyu mtoto hata mara moja. Nikisema nimechoka simaanishi nataka kuondoka.

Nimeurudia ule ukurasa mpaka naujua kwa moyo. Aliyeuandika namwombea siku moja apotee mjini, aulize njia, aelekezwe na mtu kama yeye.

Na ile sehemu ya barua yako unayojibu swali langu la mwisho wa salamu nadhani ilianguka njiani. Iandike tena.

Dada yako,
Chiriku


11 Mei

Mpendwa Chiriku,

Tulicheka sana kuhusu kikombe. Na kofia. Samahani kwa kofia.

Kuhusu kengele, nimefikiri. Majina uliyoyaweka ni sahihi. Bila shaka umeshalitaja lile la pili. Kwa hiyo tatizo haliwezi kuwa kwenye maelekezo. Angalia waya wa spika. Angalia kama programu yenyewe ya kengele ni nzima. Angalia tena nukta.

Nimeuliza na wenzangu kazini. Wote wanaona ule ukurasa uko wazi, na hakuna aliyewahi kulalamika. Usome polepole. Mstari wa tatu umesema kila kitu, na si kila mtu anaweza kusema mengi kwa maneno machache hivyo.

Natuma kofia nyingine, ndogo. Usimpe shemeji.

Ile Jumanne na Ijumaa inanikosesha raha. Pambana.

Kaka yako,
K.


3 Juni

Kaka,

Leo siulizi habari. Kaa chini kwanza.

Waya wa spika ni mzima. Programu ya kengele nikiiamsha kwa mkono inalia mpaka meno yanauma. Nukta ipo. Nilirudi nyumbani Jumapili nimekata tamaa, nikajitupa mkekani. Mama alikuwa anakunja nguo za Meneja. Akauliza, "Una nini? Umenuna kama umeazimwa sura." Nikachomoa ule ukurasa nikamsomea kwa hasira, ili tu apatikane mtu wa kuuchukia pamoja nami.

Nikafika pale: "Ya kwanza haina haja ya kujieleza. Zinazofuata zibebe la kwanza na lake, na zitajwe mbele ya wote."

Mama hata hakuinua kichwa. Akasema, "Ndiyo. Kama ndoo ya bluu."

"Ndoo gani, Mama?"

"Ndoo yetu ilikuwa ndoo tu. Ikaja ya pili. Nikaiita nini?"

"Ndoo ya maziwa."

"Nikaifanyaje kabla hamjaigusa?"

Hapo, Kaka, nilikaa wima. Unakumbuka? Nyumba nzima ikiwa mezani, Mama anagonga sahani kwa kijiko: "Sikieni wote. Kuanzia leo ile ya bluu ni ndoo ya maziwa." Na kama hajagonga sahani, hata ungeikuta katikati ya njia, ulikuwa unaizunguka. Kisichotajwa hakipo. Wewe uliwahi kukaa na viatu vipya chini ya kitanda wiki nzima, unakwenda shule na vilivyotoboka, kwa kuwa Mama alikuwa safarini na hapakuwa na wa kuvitangaza!

Mama akaendelea, "Sasa hiyo kengele yako umeipa jina. Umemwambia nani?"

Sikuwa nimemwambia mtu. Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe.

Jumatatu nilifika kabla ya Jogoo, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Kuna faili jingine ndani ya kifurushi, linaitwa la kanuni, na kila sehemu ya chombo hulisoma kabla ya kuanza kazi. Nikasema kama kuna meza ambayo wote wanakaa, ni hii. Nikatafuta kwenye mfano alioacha fundi namna ya kulitaja jina, nikaandika humo mstari mmoja kwamba ipo huduma ya pili, na jina lake ni kengele. Mstari mmoja, Kaka. Nikafunga kifurushi, nikakipeleka vyumba vyote sita.

Nikamwita Jogoo, nikamwambia azime umeme yeye mwenyewe, asije akasema nimefanya mazingaombwe. Akazima. Tukasubiri. Akawasha. Nikafungua mlango wa mashine tupu ya chumba cha sita ili joto lishuke. Nilikuwa naomba kimoyomoyo, Meneja mgongoni ananing'ata bega.

Ikalia! Meneja akaruka, akaanza kulia na yeye. Mpishi wa chakula cha kuku akatoka mbio na mwiko akidhani moto. Tukaenda chumba cha tano, ikalia. Cha nne kile chenye balaa, ikalia. Jogoo alisimama katikati ya kelele zile kafumba macho kama anasikiliza kwaya. Kisha akaenda mlangoni, akaibandua ratiba polepole pembe kwa pembe, akanipa mkononi. "Mfungie mtoto maandazi," akasema. Basi. Ndiye Jogoo huyo.

Sasa nina maswali mawili, na safari hii yasianguke njiani.

La kwanza. Duniani nyumba inayosema "haina haja ya kujieleza" na "itajwe mbele ya wote" naijua moja tu, na watoto waliokulia humo ni wawili, na mmoja ni mimi. Mama naye ameuliza, huku anacheka mpaka goti limesahau kuuma: "Huyo mwandishi kalelewa na nani? Mbona anasema kama mimi?" Kaka. Ukurasa ule ameuandika nani?

La pili. Barua yako inasema "tulicheka". Ya kabla yake inasema "tunaacha madirisha wazi". Wewe na nani?

Chiriku


24 Juni

Mpendwa Chiriku,

Hongera. Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika, na unajua siwezi kuandika sana.

Kuhusu swali lako la kwanza, nimeambatanisha ukurasa mpya wa maelekezo, ambao umetayarishwa na mtu mmoja ninayemfahamu. Kwenye kikao mmoja alisema hauhitaji kubadilishwa kwa sababu jambo hili kila mtu analijua. Nikamuuliza, "Kila mtu yupi?" Wamekubali. Tafadhali usome na uandike panapokukwamisha. Mtu mwingine, mshonaji, asiyejua lolote la kompyuta, aliusoma wa kwanza akapotea mstari wa pili. Ukaandikwa upya. Akapotea mstari wa nne. Ukaandikwa upya tena. Huo ni wa tano kuandikwa.

Kuhusu swali la pili, ni kosa la kalamu.

Mwambie Mama nilivaa vile viatu siku aliyorudi, na vilikuwa vimeshanibana.

Kaka yako,
K.


15 Julai

Kaka yangu Kimya,

Nisamehe, nimechelewa tena, ila safari hii sababu ni nzuri: vimetotolewa. Vyumba vyote. Kengele ililia mara moja tu, mlango ulikuwa umesahauliwa wazi, tukaufunga, mambo yakaisha. Jogoo ana mabwana wengi mpaka pumzi ya kuwapulizia imemwishia, ameazima ya mpishi. Na mimi Jumanne na Ijumaa nalala kwangu, na Meneja ubavuni, akinipiga teke moja kila akikumbuka. Kikombe amekikubali, sasa kwa kuwa hakuna anayemlazimisha.

Ukurasa wako mpya nimeusoma. Ndiyo, wako. Nimeusoma mimi, ameusoma mpishi, tumefika mwisho bila kupotea. Mfano wa majina mawili umekaa vizuri, na umesema wazi kwamba jina la pili liandikwe kwenye faili la kanuni. Kuna kitu kimoja umekiacha, na kwa hicho sikusamehi mpaka ukiweke. Hujasema mtu akisahau kulitaja kitatokea nini. Andika hivi: "Usipolitaja, chombo hakitakwambia lolote. Kitafunga kifurushi kana kwamba yote ni sawa, na huduma yako haitaamka." Mtu akishajua kwamba kimya si jibu, atatafuta. Mimi ningejua hivyo mwezi wa tatu, kuku wa jirani wangekuwa bado na kwao.

Yule mshonaji mwenye subira ya kupotea mara nne ndani ya mambo yako, akarudi kila mara, mimi nimeshampenda. Mama nilimsomea barua yako mezani. Nilipofika kwenye "kosa la kalamu" akasema, "Kalamu haicheki." Akasafisha kijiko kwa kanga, akagonga sahani. Shemeji yako akaacha kutafuna, kofia kichwani.

"Sikieni wote," Mama akasema. "Kile kiti cha dirishani kuanzia leo ni kiti cha mgeni wa Kimya."

Tangu siku hiyo hakuna anayekikalia. Tunakizunguka. Jana fundi bomba alitaka kukikalia, Meneja akampigia kelele.

Kwa hiyo vilivyobaki vya kutuma ni hivi, usipunguze wala usiongeze:

Soksi za Meneja, jozi tatu, safari hii mpime mtoto wa mtu huko kwanza.

Spika ya akiba kama ile uliyonishauri niikague, chumba cha pili inakoroma.

Ukurasa wenye ile sentensi yangu, uliochapwa, niubandike pale ratiba ilipokuwa.

Mafuta ya goti, Mama amemaliza ingawa atakataa.

Jina la mshonaji, liandikwe kwa mkono wake mwenyewe.

Na tarehe. Moja, ya watu wawili.

Dada yako,
Chiriku